Chuma Mdomoni mwa Muonja Chai

Kabla hujamwona Bi Fyonza, ungemsikia. Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido ya kiwanda cha chai, na kila asubuhi sauti ilitoka humo, fyuuup, kisha kimya kidogo, kisha tii, kitu kikitua kwenye ndoo. Siku moja muuza magunia mgeni alipita mlangoni, akadhani amefyonywa, akarudi kwa hasira kuuliza kosa lake. Alimkuta mama wa makamo, mnene kiasi, miwani puani na kijiko mkononi, amesimama mbele ya safu ya vikombe vyeupe.

"Sikukufyonya wewe, baba," Bi Fyonza alimwambia. "Nimefyonza chai. Wewe bado sijakuonja."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Kila mzigo uliotoka kwenye mashine uliletwa mezani kwake kiganja kimoja kimoja, ukatiwa maji yanayochemka, ukafunikwa, ukamiminwa. Kisha yeye alichota kijiko na kuivuta chai pamoja na hewa, kwa kishindo, ili itawanyike ulimini kote kwa mara moja, pembeni, nyuma na nchani. Akaisikiliza, maana yeye alisema chai husikilizwa, halafu akaitema. Akitikisa kichwa kwa kukubali, mzigo ulikwenda kufungwa. Akikunja uso, mzigo ulibaki. Wafanyakazi walikuwa na msemo wao: ulimi ukinena, mashine hunyamaza.

Hakuzaliwa muonjaji. Aliingia kiwandani akiwa binti wa kufagia sakafu, na kwa kuwa alikuwa mwepesi wa mikono akapewa pia kuwapikia wakubwa chai ya saa nne. Asubuhi moja alimwekea muonjaji wa zamani kikombe, akamwambia bila kufikiri, "Samahani mzee, leo maji ni ya tangi, kisima kimefungwa." Mzee akaonja, akaonja tena, akamtazama. Mzee mwenyewe hakuwa ametambua. Kuanzia siku hiyo akaanza kumtega kwa vikombe, akimchanganyia chai ya juzi na ya leo, na yule binti akizitenganisha kama mtu anayetenganisha wanawe na wa jirani. Mzee alipostaafu alimwachia kijiko, na masharti ya mdomo.

Masharti hayo aliyashika kama mtu ashikavyo saumu. Vitunguu vibichi hakula, pilipili hakugusa, manukato hakujipaka, na meno alisugua kwa chumvi. Mumewe, dereva wa lori aliyestaafu, alizoea kulalamika mbele ya wageni: "Wenzangu wameoa wake, mimi nimeoa wodi. Chakula cha humu ndani ni cha mgonjwa, na mgonjwa mwenyewe hayupo."

Halafu mgonjwa akapatikana. Tumbo lilimkamata Bi Fyonza mwishoni mwa wiki, likamkunja na kumkunjua, hata mumewe akaacha mizaha na kumpeleka zahanati. Tabibu alimpima, akasema ni vijidudu vya tumbo, akamwandikia metronidazoli, dawa ambayo watu wengi huiita metro kwa kifupi.

"Utameza mara tatu kwa siku, ukishakula," alisema tabibu. "Uimalize yote, hata ukijisikia umepona. Na pombe usiguse kabisa. Unakunywa?"

"Mimi, daktari? Mimi hata chai natema."

Tabibu alicheka mpaka akavua miwani. Alipoivaa tena alianza kusema kwamba dawa hii ina mambo yake madogo madogo, asiogope, lakini Bi Fyonza alikuwa ameshafika mlangoni na tumbo lake likimwita kwingine.

Kazini hakumwambia mtu. Si kwamba alificha. Hakuona kama ni jambo. Masharti ya mdomo yalisema habari za vyakula, moshi na manukato, na kidonge si chakula. Zaidi ya hapo alikimeza kwa ustadi: alikitupa nyuma kabisa ya koo na kukisukuma kwa glasi nzima ya maji. Kidonge kilipita ulimini kama mwizi apitavyo uani. Kwa hesabu ya muonja chai, kisichokaa ulimini hakipo.

Mapema wiki iliyofuata tumbo lilianza kutulia. Na chai ikaanza kuwa na chuma.

Kikombe cha kwanza alidhani ni kijiko. Akabadilisha kijiko. Cha pili akadhani ni birika, akaagiza lisuguliwe. Cha tatu, cha nne, safu nzima, vyote vilikuwa na kitu chembamba, kichungu, cha ubaridi, kama umetia sarafu mdomoni. Akavifyonza vyote mara ya pili. Kisha akaweka kijiko chini, akatoka hadi kwenye ukumbi wa mashine, akainua mkono.

Mashine zikanyamaza.

Sasa, Jumapili ile ile fundi wa mitambo alikuwa amefungua rola za kukatia majani na kuzinoa meno. Fundi huyu walimwita Spana, kwa urefu wake na kwa namna alivyoinama. Alikuwa na mke na pacha wachanga kwenye nyumba ya kiwanda, na alizipenda mashine zake kiasi kwamba aliziamkia. Mtu akisema chuma kwenye chai, siku chache baada ya meno kunolewa, hakuna haja ya kupiga ramli. Macho yote yalimgeukia Spana.

Msaidizi wa Bi Fyonza alikuwa likizo ya uzazi, kwa hiyo hapakuwa na ulimi mwingine wa kuuliza. Meneja, mtu mwembamba aliyetembea kama anayechelewa hata akiwa amewahi, aliagiza vikombe viletwe ofisini. Yeye kwa kawaida alikunywa chai yenye sukari vijiko vinne, na hakuona aibu kusema kwamba kwake chai zote ni ndugu. Siku hiyo akafyonza kwa kuiga, akafumba macho.

"Ndiyo," akasema. "Chuma. Kabisa."

Akampa mhasibu. Mhasibu akaonja, akalamba midomo. "Tena kingi, bosi. Kimenishika hapa kwenye fizi."

Kikombe kikafika kwa Spana. Akanywa, akameza, maana hakuna aliyemfundisha kutema.

"Hii ni chai," akasema.

"Chai yenye nini?" meneja akauliza.

"Chai yenye chai. Bosi, pale mwisho wa mkanda kuna sumaku. Kingekuwepo chuma, ingenasa. Nimeifuta kwa kitambaa cheupe mara mbili. Safi."

"Kama ni unga mwembamba je? Unaopita hata kwenye sumaku?"

Spana alimgeukia Bi Fyonza. "Mama, mimi nakuheshimu. Watoto wangu ukiniambia si wangu nitakwenda kuwatazama upya. Lakini hii ni chai tu."

"Mwanangu," Bi Fyonza akajibu kwa upole, "mdomo wako umelelewa na grisi."

Watu wakacheka. Meneja hakucheka. Lori la wanunuzi lilikuwa njiani, na majani yaliyokwisha kukatwa yalikuwa yamelala kwenye mabeseni yakingoja. "Kesho saa sita mchana," alimwambia Spana, "uniletee jibu hicho chuma kimetoka wapi, au uniletee funguo za karakana."

Jioni Bi Fyonza alirudi nyumbani na jambo likimtekenya. Hakuwa na shaka na ulimi wake, tangu lini? Kilichomsumbua ni kwamba hakujua ni chuma gani. Kwa mtu mwingine chuma ni chuma, lakini yeye aliamini kila chuma kina kabila lake. Akamenya ndizi, akaila akiwaza, halafu akaanza kutembea jikoni akilamba vitu. Alilamba ufunguo wa mlango, kisu, sarafu, kifuniko cha sufuria. Alichukua msumari wenye kutu, akaulowesha kwenye maji, akayafyonza, akayatema kwenye sinki.

Mumewe alisimama mlangoni, gazeti mkononi. "Mama watoto, ukimaliza misumari, bawaba za mlango ziko huku."

"Njoo uonje."

"Mimi nimeshiba."

"Njoo, bwana, sitanii. Ladha ninayoitafuta haimo hata katika kimoja. Kutu ina udongo ndani yake. Kisu kina ukali unaokata na kwenda. Hii yangu haiendi. Inakaa, kama mgeni asiyejua saa."

"Na ndizi uliyokula sasa hivi?"

Bi Fyonza alisimama. Ndizi pia ilikuwa na chuma. Alikuwa ameila nzima bila kushangaa, kwa sababu siku nzima alikuwa ameshaambiwa, na yeye mwenyewe, kwamba chuma kipo. Akachukua nyingine kwenye chane lile lile, akampa mumewe nusu.

"Hii je?"

Mumewe akatafuna taratibu, kwa heshima ya jambo. "Ndizi."

"Ndizi yenye nini?"

"Yenye ndizi."

Maneno yale yale ya Spana. Bi Fyonza alikaa kwenye kiti, na kwa mara ya kwanza siku ile akahisi ubaridi ambao si wa mdomoni. Akanywa maji ya mtungi, akanywa maji ya bomba, akanywa maji ambayo mumewe alimletea kutoka kwa jirani bila kuuliza ni ya nini. Chuma, chuma, chuma. Alikuwa amekitafuta kwenye mashine, kwenye birika, kwenye kijiko. Nyani haoni kundule, naye alikuwa amepima kila kitu isipokuwa kipimo.

Alipoamka asubuhi hakunyanyuka. Alilala chali, mdomo umefungwa, hajanywa, hajasukutua, hajatia kitu. Akausikiliza ulimi wake kama anavyosikiliza chai. Kilikuwepo. Palepale, chembamba, kichungu, cha ubaridi. Hakikuja na kikombe chochote. Kilikuwa kimelala naye.

Akaketi haraka hata mumewe akashtuka. "Ni mimi!" akasema, na sauti yake ilikuwa nusu ya hofu na nusu ya mtu aliyeokota kitu. "Chuma kiko kwangu!"

Baada ya kifungua kinywa alichukua kidonge cha asubuhi, akakitazama kiganjani. Kitu gani kipya kimeingia mwilini mwake wiki hii? Kimoja tu. Akakirudisha kwenye pakiti, akafunga kilemba, akatoka.

Duka la dawa lililokuwa njia ya kiwandani lilisimamiwa na mfamasia kijana, binti mwenye sauti ya chini na kucha zilizokatwa fupi. Bi Fyonza alimwekea pakiti mezani.

"Mwanangu, hiki kidonge kina chuma ndani yake?"

"Hakina, mama. Umepata ladha ya chuma mdomoni?"

Bi Fyonza aliegemea kaunta. "Umejuaje?"

"Ndivyo ilivyo dawa hii. Wengi hupata. Wengine kichefuchefu, wengine ulimi kuwa kama una utando, wengine kichwa kuuma. Mkojo nao unaweza kuwa wa rangi nzito, mtu akadhani anatoa damu."

"Lakini mimi sikiachi kiguse ulimi! Nakitupa nyuma huku."

Binti alitabasamu. "Ukitupe utakavyo, mama. Kinashuka tumboni, kinaingia kwenye damu, damu inakizungusha mwili mzima, na sehemu yake inatoka tena kwenye mate. Hukukionja kikiingia. Unakionja kikirudi."

Bi Fyonza aligusa mdomo wake kwa ncha ya kidole. Alikuwa ameishi na mate yake miaka yote hiyo, ameyafanya mtumishi wake, na hakuwahi kujiuliza yanatoka wapi. Maswali yakaanza kumwagika. Kinafika mpaka wapi? Karibu kila mahali. Hata kwenye machozi? "Hilo sijawahi kuulizwa," alisema mfamasia akicheka, "lakini nitalisoma." Na ulimi, utarudi?

"Utarudi. Ukimaliza dozi, ladha huondoka baada ya muda mfupi. Ukiona imekaa tu, rudi kwa tabibu."

"Basi niache hivi vilivyobaki. Cha leo bado sijameza. Tumbo limeshapoa."

Tabasamu la binti likaondoka. "Hapana. Kupoa si kupona. Ukiacha katikati unawaachia vijidudu vilivyo sugu, na vikirudi vinarudi vikiijua dawa. Kimeze sasa hivi, nitakupa maji. Kwa ladha ya chuma haiachwi. Lakini kuna mambo yakitokea, hapo unaacha na unakwenda zahanati siku hiyo hiyo: vipele mwilini, uso au midomo kuvimba, kupumua kwa shida, ganzi au kuchomwachomwa mikononi na miguuni, kizunguzungu kikali, kifafa. Umepata lolote kati ya hayo?"

Bi Fyonza alikunja vidole na kuvikunjua, akaviuliza kwa dhati. "Hakuna."

"Kuna dawa nyingine unayotumia? Ya kuzuia damu kuganda, kwa mfano? Hizo mbili hazipatani."

"Situmii. Nilitaka tu leo nisukutue kwa ile dawa ya mdomo, ile inayowasha, nione kama itasafisha."

"Ile ina spiriti. Pombe ni pombe hata ikivaa chupa ya dawa, na zile za kikohozi nyingine ni hivyo hivyo. Ukichanganya na hii unaweza kutapika, moyo ukakimbia, uso ukawaka. Kaa nazo mbali mpaka zipite siku tatu baada ya kumaliza. Lakini mama, kwa nini hukumwuliza tabibu mapema?"

"Nilikuwa na haraka," alisema Bi Fyonza, akameza kidonge chake. "Na nilidhani mdomo naujua."

Saa sita ilikuwa haijafika alipoingia kwenye ukumbi wa mashine. Spana alikuwa chini, rola zimefunguliwa zote, zimelala kwenye turubai kama samaki waliopasuliwa. Mikono yake ilikuwa myeusi hadi viwikoni, na macho yake yalikuwa ya mtu ambaye hakulala. Meneja alikuwa amemsimamia, na kando ya mguu wa meneja, kwenye stuli, palikuwa na funguo za karakana.

"Mrudishie funguo," Bi Fyonza akasema.

Meneja akageuka. Wapakiaji wakasimama. Angeweza kumvuta meneja ofisini na kumwambia faraghani. Njia nzima alikuwa amepiga mahesabu hayo. Lakini mkono wake alikuwa ameuinua mbele ya watu wote hawa.

"Chai haina chuma," akasema kwa sauti ya kufika nyuma. "Chuma kiko mdomoni mwangu. Natumia dawa ya tumbo, na dawa inatoka kwenye mate. Nimeuliza kwa anayejua. Spana alisema kweli jana, na mimi nikamcheka."

"Haiwezekani," alisema meneja. "Mimi mwenyewe nilionja chuma!"

"Ulionja maneno yangu, bosi."

Mhasibu, aliyekuwa amechungulia, akaanza kukagua viatu vyake. Mtu mmoja nyuma akasema, "Na fizi je?" na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Spana peke yake hakucheka. Aliinuka polepole, akajifuta mikono kwa kitambaa, na kitambaa kikawa kichafu bila mikono kuwa safi.

"Umenikesha, mama," akasema.

"Najua, mwanangu. Nisamehe."

"Mke wangu ameshaanza kuwaambia ndugu zake watutafutie chumba."

"Nitakwenda kwake mwenyewe leo jioni. Na wewe utakuwepo unisikie."

Spana alizichukua funguo kwenye stuli, akazitia mfukoni bila kumtazama meneja. Hapo meneja akakohoa, akarudi kwenye mambo yake. Lori lilikuwa limeshapiga honi getini. "Basi Bi mkubwa, iache hiyo dawa. Leo na kesho tu, tupitishe mzigo."

"Siiachi."

"Ni vidonge!"

"Ni vyangu, na vina mwisho wake. Nitavimaliza." Akafikiri kidogo. "Pua ninayo, macho ninayo. Rangi ya chai naiona, na majani yaliyoiva nayajua kwa harufu. Kinachokosekana ni mate ya kuaminika. Jana humu kulikuwa na mtu mmoja aliyeonja chai akasema alichoonja, wakati mkubwa wake amesema vingine na kazi yake iko shingoni. Ulimi wa namna hiyo haufundishwi. Nipe huyo."

Ndivyo Spana alivyooga kwa sabuni isiyo na harufu, akasukutua kwa maji ya uvuguvugu, akapelekwa kwenye chumba cha mwisho wa korido akiwa amekunja uso kama mtu anayepelekwa kung'olewa jino. Bi Fyonza alimpa kijiko. Mara ya kwanza chai ilimwingia puani. Mara ya pili ikamwagikia shati. Mara ya tatu sauti ikatoka, fyuuup, na yeye mwenyewe akashtuka.

"Iache itembee. Sasa tema. Umesikia nini?"

"Sijui maneno yenu, mama."

"Tumia yako."

Spana alitazama dari. "Hii inawaka mara moja. Ina nguvu. Lakini inazima ghafla, haina gurudumu la kuisukuma mbele."

Bi Fyonza aliinama juu ya kikombe, akatazama wekundu wake, akanusa majani yaliyobaki kwenye kifuniko. Alielewa kila neno. "Nyembamba mwishoni. Ndiyo, haya ni majani ya bondeni. Nzuri. Ipite. Hii?"

"Hii imekaa sawa. Haigongi popote."

"Ipite na hii."

Kwenye kikombe kilichofuata Spana alifyonza, akatema, akachota tena. "Hii imelegea," akasema. "Kama mkanda uliozungushwa siku nzima bila mzigo. Iko, lakini haivuti tena."

Bi Fyonza alikisogeza kikombe dirishani. Rangi ilikuwa imefifia kuwa ya udongo, na harufu ilikuwa nzito, ya kitu kilichongojeshwa. Yalikuwa majani yaliyokaushwa leo, baada ya kulala kwenye mabeseni tangu jana, tangu mkono wake ulipoinuka na mashine zikanyamaza. Yalikatwa vizuri, kwa meno yaliyonolewa vizuri, yakachachuka kupita wakati wake yakisubiri chuma ambacho hakikuwepo.

"Kosa la mashine?" aliuliza Spana, na ubishi ulikuwa umeanza kurudi sautini.

"La mashine hapana. Hili ni langu." Akamimina kikombe chote kwenye ndoo, akapangusa meza pale kiliposimama. "Mwambie meneja mzigo huu hauendi. Kisha urudi, tuna safu nzima hapa."